Msimu wa 1926/27: Man City ilifunga mabao 108 Daraja la Pili na bado haikupanda

Kiungo Mkabaji

Wakuu, humu kuna vijana wanaosema Man City haina historia, kwamba imezaliwa na pesa za Abu Dhabi. Mimi si shabiki wa City, na wanaonifahamu wanajua nateseka na timu gani. Ila mnapotaka kujua ni timu gani imewatesa mashabiki wake kwa muda mrefu kuliko zote, tukae tuongelee msimu wa 1926/27. Daraja la Pili Uingereza, mechi 42, mabao 108 ya kufunga, na Agosti ilipofika wakaanza tena hukohuko chini.

Kwanza walifikaje huko, maana bila hapo hamtaelewa.

Tarehe 24 Aprili 1926 City walikuwa Wembley, fainali ya Kombe la FA dhidi ya Bolton. Wakafungwa 1-0, bao la David Jack. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Mei, wakasafiri kwenda Newcastle kumaliza ligi. Sare tu ingewatosha wabaki Daraja la Kwanza, ambalo enzi hizo ndilo lilikuwa la juu kabisa. Wakapata penalti, Billy Austin akaikosa. Upande wa pili kulikuwa na Hughie Gallacher, Mskoti mfupi mwenye fujo zake, akatupia matatu peke yake. Mechi ikaisha 3-2, City chini. Ikawa klabu ya kwanza kucheza fainali ya FA na kushuka daraja msimu mmoja.

Sasa tazameni takwimu za huo msimu wa kushuka: wamefunga mabao 89, wamefungwa 100. Hiyohiyo timu iliyoshuka ndiyo iliyokwenda Old Trafford Januari ikaipiga United 6-1. Mbele moto, nyuma mlango uko wazi na taa zinawaka.

Kulikuwa na sababu ya mabao kumwagika namna ile, na haikuwa kwa City peke yao. Kiangazi cha 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Zamani mshambuliaji alipopewa pasi ilibidi wapinzani watatu wawe kati yake na mstari wa goli, kipa akiwemo. Mabeki walikuwa wameishika sheria hiyo mpaka mpira ukawa unachezwa katikati ya uwanja tu, filimbi kila dakika. Wakapunguza wakawa wawili. Msimu wa 1924/25 Daraja la Kwanza lilikuwa na mabao 1,192. Msimu uliofuata yakawa 1,703, na idadi ya mechi ni ileile. Wenye akili, Herbert Chapman wa Arsenal akiwa mmojawapo, wakaanza kumrudisha kiungo wa kati nyuma awe beki. City wao waliona raha ya kufunga tu, suala la kuziba nyuma likawa la baadaye.

Ndiyo timu aliyoikuta Peter Hodge, meneja mpya kutoka Leicester. Huyu kazi ya kupandisha aliijua, Leicester aliichukulia ubingwa wa Daraja la Pili 1925. Alikuwa na nahodha Jimmy McMullan, Mskoti mdogo wa umbo mwenye pasi za kupimwa, Sam Cowan katikati, Frank Roberts na Tommy Johnson mbele. Kwa majina hayo, kila mtu aliona ni suala la msimu mmoja.

Naendelea, ngoja niweke chai.

Binti Kariakoo

Nimeweka kigoda hapa mbele kabisa. Shusha nyama mkuu, usituache njiani kama nyuzi zako zingine.

Jangwani Juu

Mleta uzi swali dogo: enzi hizo walikuwa wanapanda wangapi? Na pointi zilikuwa tatu au mbili?

Kiungo Mkabaji

Jangwani, wawili tu, hakuna mchujo wala nini. Wa tatu anapewa pole. Ushindi pointi mbili, sare moja. Na mkifungana pointi kinatumika wastani wa mabao, si tofauti ya mabao kama leo. Yaani unachukua mabao uliyofunga unayagawanya kwa uliyofungwa. Shikeni hiyo, maana uzi wote umelala hapo.

Dada Kariakoo, twende.

Daraja la Pili msimu ule lilikuwa na zimwi moja, Middlesbrough. Mji wa chuma, kaskazini-mashariki. Walikuwa na kijana aitwaye George Camsell, mchimba makaa ya mawe wa zamani kutoka Durham, waliyemnunua mwaka uliotangulia kutoka Durham City. Msimu ulipoanza hakuwa chaguo la kwanza, na timu ilianza vibaya. Wakamwingiza. Mwisho wa msimu alikuwa na mabao 59 katika mechi 37 za ligi. Mara tisa alifunga matatu au zaidi katika mechi moja. Mwaka mmoja tu baadaye Dixie Dean wa Everton akafunga 60 Daraja la Kwanza, dunia ikamsahau Camsell, ingawa rekodi ya Daraja la Pili imebaki yake. England walimwita mara tisa tu. Katika hizo tisa alifunga mabao 18, na hakuna mechi aliyotoka bila bao. Ukiniuliza mimi, hakuna straika wa Kiingereza aliyedhulumiwa jina kama yule.

Sasa City wakakutana na huyu mtu siku ya Krismasi, 25 Desemba 1926, nyumbani kwao Maine Road. Ndiyo, enzi hizo Krismasi watu wanacheza mpira, mtu anatoka kanisani anakwenda uwanjani, pilau baadaye. City walifunga matatu. Middlesbrough wakafunga matano. Camsell yote matano ni yake.

Kumbukeni mabao matano hayo. Nitarudi kwayo.

Middlesbrough wakakimbia na ubingwa wao, pointi 62, mabao 122. Huko hakuna mjadala. Nafasi ya pili ndiyo ikabaki ya kugombaniwa na City na Portsmouth.

Portsmouth ni timu ya mji wa jeshi la maji, kusini kabisa. Mwaka 1920 ndiyo kwanza waliingia kwenye Ligi, Daraja la Tatu lilipoanzishwa. Mwaka 1924 wakapanda kwenda la Pili. Hakuna klabu iliyokuwa imewahi kutoka la Tatu ikafika la Kwanza, wao ndio walikuwa wanabisha hodi. Mshambuliaji wao alikuwa Willie Haines, mashabiki wakimwita Mkulima, na msimu huo alifunga mabao 40 ya ligi. Rekodi ya klabu ilikaa kwa jina lake mpaka miaka ya 1990.

Tukafika Jumamosi ya mwisho, 7 Mei 1927. City na Portsmouth wote wana pointi 52. Mabao yao kabla ya mechi, ya kufunga kwa ya kufungwa:

Portsmouth 82 kwa 48, wastani 1.708.
City 100 kwa 61, wastani 1.639.

City wako nyumbani na Bradford City, walioshika mkia. Portsmouth wako nyumbani, Fratton Park, na Preston North End, timu ya Alex James, waliomaliza nafasi za juu. Kwenye karatasi City ndio wenye mteremko.

Mwalimu wa Zamu

Hapo nimeshaanza kupiga hesabu pembeni. Ila endelea, sitaki kuharibu.

Kiungo Mkabaji

Mwalimu tulia, zamu yako inakuja.

City wakajua hawana budi kufunga kapu. Wakafunga. Tommy Johnson matatu, wengine wakagawana yaliyobaki, mechi ikaisha 8-0. Nane! Maine Road ikalipuka. Watu wakamiminika uwanjani kuwabeba wachezaji, wanajua wamepanda.

Tatizo ni kwamba mechi ya Portsmouth ilikuwa imechelewa kuanza kwa kama robo saa. Huku Manchester watu wanaimba, kule Portsmouth mpira bado unachezwa. Na msifikiri kuna mtu ana simu mfukoni. BBC ndiyo kwanza Januari mwaka huohuo ilikuwa imetangaza mechi ya ligi redioni kwa mara ya kwanza, Arsenal na Sheffield United. Daraja la Pili lilitegemea telegramu, simu ya mezani ya ofisi ya klabu, na magazeti ya michezo ya Jumamosi jioni. Kwa hiyo maelfu ya watu wamesimama kwenye majani wanasubiri mtu atoke ofisini na namba.

Namba ikaja: Portsmouth 5, Preston 1.

Portsmouth 87 kwa 49, wastani 1.7755.
City 108 kwa 61, wastani 1.7705.

Portsmouth Daraja la Kwanza. City wabaki.

Binti Kariakoo

Jamani. Nane bila halafu unaambiwa rudi nyumbani. Mimi ningekaa palepale kwenye majani mpaka Jumatatu.

Bluu ya Chang'ombe

Mimi ni City damu na hii nilikuwa nasikia juujuu tu. Kwa hiyo tuliibiwa. Tofauti ya mabao yetu ni +47, yao +38. Kwa sheria ya leo tunapanda kwa mbali. Tatizo ni waliotunga huo ujinga wa kugawanya.

Mwalimu wa Zamu

Sasa naomba nafasi, nimemaliza hesabu.

Watu wanasema City walikosa bao moja. Kweli. Wangefunga la tisa: 109 gawanya kwa 61 unapata 1.787, wanapanda. Hiyo ndiyo hadithi inayosimuliwa kila mahali.

Lakini angalieni upande wa Portsmouth. Wangeshinda 4-1, wastani ungekuwa 86 kwa 49, yaani 1.755. Hapo City wanapanda. Kwa hiyo bao la tano ndilo lililowaua City. Na sasa kituko chenyewe: Portsmouth wangeshinda 3-0 tu, ni 85 kwa 48, yaani 1.7708. City ni 1.7705. Portsmouth wanapanda kwa tofauti ya 0.0003!

Yaani lile bao moja la Preston liliwalazimisha Portsmouth wafunge mawili ya ziada. Bao la kufungwa kwenye mfumo huu lina uzito kuliko la kufunga, ukiwa timu inayofunga zaidi ya inavyofungwa.

Jangwani Juu

Mwalimu umenichanganya vizuri. Hiyo sentensi ya mwisho nifafanulie kama mtoto wa darasa la nne.

Mwalimu wa Zamu

Chukua City, 108 kwa 61. Ongeza bao moja la kufunga, wastani unapanda kutoka 1.770 mpaka 1.787. Sasa usiongeze, badala yake toa bao moja la kufungwa: 108 kwa 60, wastani 1.800. Unaona? Kuzuia moja kumelipa karibu mara mbili ya kufunga moja.

Kiungo Mkabaji

Mwalimu Mungu akubariki, umenifikisha nilipotaka.

Bluu, pole, lakini neno "tuliibiwa" silikubali. Sheria ile ilikuwepo tangu karne ya 19, kila klabu iliijua kabla ya mpira wa kwanza kupigwa Agosti. Ni kweli ilikuwa inaipendelea timu inayobana nyuma, ndiyo maana Ligi ya Uingereza iliitupa mwaka 1976 ikaleta tofauti ya mabao. Lakini hakuna aliyebadilisha kitu Mei 1927 ili kuwakomoa City.

Sasa turudi Krismasi. 108 kwa 60 inatosha kupanda, Mwalimu kathibitisha. Maana yake ni kwamba katika yale mabao matano ya Camsell, kipa akizuia moja tu, mechi bado imepotea, pointi bado ni zilezile 54, lakini Mei City wanapanda. Hata matokeo ya siku ile yasingehitaji kubadilika. 4-3 badala ya 5-3. Beki mmoja angeamka usingizini mara moja.

Kila anayesimulia msimu huu anakaa kwenye zile dakika za mwisho Fratton Park, na mimi naelewa, ni tamu. Ila siku ya mwisho City walifanya kazi yao kuliko walivyoweza kuombwa na yeyote. Nane bila unataka nini zaidi? Msimu ulipotelea nyuma, kidogokidogo, kwa timu iliyoona kufungwa mawili si shida kwa kuwa itafunga matatu. Mabao 61 katika mechi 42. Portsmouth walifungwa 49. Hata Chelsea, waliomaliza wa nne na pointi 52, walikuwa wagumu zaidi ya City nyuma.

Bluu ya Chang'ombe

Sawa mkuu, hesabu siwezi kubishana nazo. Ila useme na yaliyofuata, usituache na aibu.

Kiungo Mkabaji

Haki yako.

Hodge hakufukuzwa. Msimu wa 1927/28 City wakachukua ubingwa wa Daraja la Pili, pointi 59, mabao 100 kamili, Leeds wa pili na 57. Machi 1928 Hodge akaenda Barnsley akarudi na vijana wawili kwa mpigo, winga Eric Brook na mshambuliaji Fred Tilson. Hao wawili ndio waliokuja kuwapa City Kombe la FA 1934 na ubingwa wa ligi 1937. Mwezi uleule wa Machi McMullan alikuwa nahodha wa Scotland iliyoipiga England 5-1 Wembley, mechi ambayo Waskoti wanaisimulia mpaka leo. Nahodha wa timu ya Daraja la Pili, jamani.

Na Tommy Johnson, aliyetupia matatu siku ile ya nane bila. Msimu wa 1928/29, wakiwa wamerudi juu, alifunga mabao 38 ya ligi. Haaland alipofika City 2022/23 akafunga 36, watu wakasema rekodi zote zimeanguka. Ya Ligi Kuu, ndiyo. Ya City katika ligi, hapana, bado ni ya Johnson. Mniambie Haaland alicheza msimu wa mechi 38 na Johnson wa 42, nitakubali, lakini rekodi ni rekodi.

Kisha mwaka 1930 klabu ikamuuza Everton. Mashabiki walikasirika sana, na walikuwa na haki. Alipokutana na City tena kwenye fainali ya FA 1933 alikuwa amevaa Everton, na Everton wakashinda 3-0. Ile ndiyo fainali ya kwanza wachezaji kuvaa namba: Everton 1 mpaka 11, City 12 mpaka 22.

Binti Kariakoo

Hii timu ilikuwa na kisirani cha kuandikiwa kabisa.

Kiungo Mkabaji

Dada hujasikia bado. Walichukua ubingwa wa England 1937. Msimu uliofuata, 1937/38, wakafunga mabao 80, mengi kuliko timu yoyote ya Daraja la Kwanza. Wakashuka daraja. Bingwa mtetezi, timu inayoongoza kwa kufunga, chini! Walifungwa 77. Miaka kumi na mbili baada ya msimu wa 89 kwa 100, ugonjwa ni uleule.

Jangwani Juu

Kwa hiyo ile 2012, bao la Aguero la dakika ya 93 lililowapa City ubingwa, ilikuwa ni kulipwa deni la 1927? Maana nao waliwapita United kwa mabao.

Mwalimu wa Zamu

Nimeshaipiga. 2012 City 93 kwa 29, United 89 kwa 33, wote pointi 89. Kwa tofauti City +64, United +56. Kwa wastani wa kizamani City 3.21, United 2.70. Mfumo wowote City bingwa. Safari hii nyuma kulikuwa na beki Kompany na kipa Hart.

Pompey wa Tanga

Nimechelewa uzi lakini siwezi kupita. Mnaongelea City tu kana kwamba Portsmouth walikuwa wasindikizaji. Mabao matano siku ya mwisho mbele ya timu nzuri, presha yote ile, na meneja wao John McCartney alikuwa mgonjwa kiasi kwamba aliacha kazi mara tu baada ya kuwapandisha. Hakupata hata kuiongoza timu mechi moja Daraja la Kwanza. Huyo naye hana mtu wa kumlilia humu?

Na ngojeni niwape nyingine. Msimu wa 1949/50 Portsmouth na Wolves walimaliza ligi kuu wakiwa na pointi 53 kila mmoja. Wolves siku ya mwisho waliifunga Birmingham 6-1. Portsmouth walikuwa Fratton Park na Aston Villa. Wakashinda 5-1. Ubingwa wa England kwa wastani wa mabao, 74 kwa 38 dhidi ya 76 kwa 49. Wolves ndio waliofunga zaidi.

Mwalimu wa Zamu

5-1 tena! Hiyo ngoja nihakiki upande wa tofauti… +36 kwa +27. Hata kwa sheria ya leo ni Portsmouth. Wolves wasije humu kulia.

Kiungo Mkabaji

Pompey umeniwahi, hiyo nilikuwa nimeitunzia uzi wake. Basi ufungue wewe, mimi nije kukaa kwenye kigoda. Ila uanze na McCartney, umenigusa hapo.